Fundi, Shemeji na Puli ya Krenki

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mumewe alikuwa fundi magari, na kwa kuwa kila kijana aliyepitia gereji yake alimchukulia kama kaka, mkewe naye akawa shemeji wa wote. Wateja walimwita Shemeji, muuza mkaa alimwita Shemeji, hata sisi wanawake wenzake, ambao hatukuwa na sababu yoyote ya kumwita hivyo, tulimwita Shemeji. Mimi nilipanga chumba katika ua uleule, mlango wangu ukitazamana na wao, na mwanzoni nilidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa dobi wa hospitali. Si dobi wa kupiga pasi mashati, dobi wa mashuka. Yalimfikia kwenye mikokoteni yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukitoa, na yeye na wenzake waliyarudisha wodini yakiwa meupe. Kazi ile ilimpa mikono isiyoogopa joto, na tabia ya kusema machache. Msemaji wa nyumba alikuwa Fundi. Alisema akila, alisema akinyoa ndevu, alisema na injini akiwa peke yake. Alipenda kutania kwamba Mungu aliwagawia maneno ya watu wawili, kisha kwa haraka akayapakia yote kinywani mwake.

Kiharusi kilimkuta gereji, ameinama ndani ya boneti. Waliokuwapo wanasema alinyoosha mkono kuomba spana, akapewa, ikamponyoka. Akabaki anaitazama pale chini kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akaanguka.

Aliporudi nyumbani kutoka hospitali, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno yote yalikuwa yamemwacha isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "kumbe."

Kwa nini lilibaki hilo, hakuna aliyejua. Daktari alisema hutokea hivyo, kwamba mtu hupoteza lugha nzima akabakiwa na kipande, na kipande hicho hakichagui. Akitaka chai alisema kumbe. Mto ukimchoma shingoni, kumbe. Ukimuuliza hali, kumbe, na wapo wageni waliocheka kabla hawajaweza kujizuia, naye akacheka nao kwa upande mmoja wa uso. Shemeji alijifunza kulisikiliza lile neno kwa sauti yake, si kwa maana yake. Kulikuwa na kumbe ya njaa na kumbe ya choo, na kumbe moja ndefu ya alasiri ambayo hakuwa na la kuifanyia zaidi ya kusogeza kiti chake karibu.

Walikuwa na gari, station wagon kuukuu ambayo Fundi mwenyewe aliiunda kutoka kwa magari mawili yaliyokwisha kufa. Ndilo lililomfundisha Shemeji kuendesha, enzi hizo Fundi akiwa kiti cha pembeni anampigia kelele. Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Shemeji ndiye aliyeshika usukani, na Fundi alikaa pembeni kimya, wakienda hospitali kwa mazoezi ya viungo. Mtaalamu wa mazoezi aliwaambia wazi kwamba mkono usiponyooshwa mara kwa mara utajikunja na kubaki hivyo, na mguu vilevile.

Gari likaanza kutetemeka. Mwanzoni ulikuwa mtikisiko mdogo, wa kuhisiwa kwenye usukani tu. Kisha vioo vikaanza kulia. Fundi aliweka kiganja chake kizima juu ya dashibodi, akafumba macho, akasema kumbe ya wasiwasi. Shemeji alielewa kwamba kuna kitu, lakini kitu gani, mwenye kujua hakuweza kutaja.

Asubuhi moja wakirudi kutoka mazoezini, mlio mzito ulitoka mbele ya injini, taa nyekundu ikawaka, na baada ya mwendo mfupi moshi wa maji ya moto ukafunika kioo. Ilikuwa ni puli ya krenki. Kwa asiyeijua, hiyo ni gurudumu la chuma linalokaa kwenye ncha ya mbele ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Linazungusha mkanda wa pampu ya maji na wa umeme, lakini kazi yake ya pili ndiyo kubwa zaidi: ni vyuma viwili, kimoja ndani ya kingine, vimeshikanishwa na mpira, na mpira huo humeza mitikisiko ya injini isije ikakata krenki vipande viwili. Mpira wa puli yao ulikuwa umekufa kwa uzee. Chuma cha nje kikateleza, mkanda ukaruka, maji yakaacha kuzunguka.

Gari lilikuja kuvutwa kwa kamba hadi nyumbani jioni. Fundi hakuweza kusubiri juani, na hakuna gari lingine lililokubali kusimama, kwa hiyo msukuma mkokoteni mmoja mwenye moyo mzuri alimbeba mgongoni. Akapita naye katikati ya barabara ya maduka, mbele ya watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakimwita Fundi kwa heshima. Kiatu chake kilianguka njiani. Mtu akapiga kelele, "Kiatu cha mzee kimeanguka!" na watu kadhaa wakakimbilia kukiokota. Shemeji alikuwa nyuma yao na mkoba. Aliniambia kwamba Fundi alifumba macho tangu pale kiatu kilipoanguka mpaka alipowekwa kwenye kiti chake mlangoni.

Siku ya mazoezi iliyofuata Shemeji alimtolea shati safi. Fundi alilikunja kwa mkono mmoja, polepole, akaliweka kwenye kiti, akalikalia. Ndivyo alivyosema kwamba haendi tena.

Hakumlazimisha. Lakini kila jioni alipomwosha ilimbidi kuvifungua vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja ili asafishe kiganja, na kila jioni vilikuwa vigumu zaidi. Binti yao, fundi cherehani aliyeolewa mji mwingine, alipiga simu kama kawaida yake, simu ikawekwa karibu na sikio la baba. Alimsimulia habari za wajukuu, naye baba akaitikia kumbe pale penye kustahili. Kisha binti akasema waliuze lile gari wanunue kiti cha magurudumu. Fundi akaisukuma simu kwa kiwiko.

Aliyekuja kusaidia alikuwa Nyundo. Huyu alikuwa amejifunza kazi kwa Fundi tangu hajaota ndevu, na sasa ndiye aliyeiendesha gereji. Jina alipewa kwa sababu hata redio ikikwaruza, aliigonga. Moyo wake haukuwa na doa, lakini subira hakujaliwa. Alitazama ndani ya boneti mara moja akajua ugonjwa, akataka kulivuta gari mpaka gereji. Alipoanza kufunga kamba, Fundi alinyanyua mkongojo wake akaulaza juu ya bampa.

"Hataki liende gereji," Shemeji akasema.

"Kwa nini, shemeji? Gereji si yake?"

"Ndiyo maana."

Nyundo akaifungua kamba. Akarudi kesho yake na vyombo. Alitoa rejeta, lile tangi la kupozea maji, ili apate nafasi, akaing'oa puli ya zamani kwa pula, chombo cha kuivutia nje, akaleta nyingine aliyoitafuta mwenyewe, iliyotumika lakini mpira wake mzima. Kazi ilikwenda vizuri hadi hapo. Puli ya krenki hukaa kwa kubana, haiingii kama pete kidoleni, na Nyundo alipoona imegoma alitafuta kipande cha mbao, akakiweka juu yake, akachukua nyundo.

Pigo la kwanza lilipolia, Fundi alianza kugonga sakafu kwa mkongojo. Nyundo akamwambia kwa upole asiwe na wasiwasi, puli ngapi wamezifunga hivi. Pigo la pili. Nilikuwa dirishani kwangu, nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu augue. Fundi alisimama bila kushikwa. Aliuburuta mguu wake hadi kwenye gari, akijishikilia ukutani, kisha kwenye kioo cha gari, kisha kwenye boneti, akapeleka kiganja chake cha kushoto akakifunika pale hasa nyundo ilipokuwa ikishukia.

Nyundo alibaki na mkono hewani. Akaushusha. Alikuwa amebadilika rangi, maana angechelewa kidogo tu angeuvunja mkono pekee uliobaki kwa mtu aliyemfundisha kazi.

"Miaka yote ile ulikuwa unanitukana na sikukasirika," akasema. "Leo sijui hata umenitukana nini."

Fundi akasema kumbe. Nyundo akaviweka vyombo vyake chini, vyote, akaondoka mikono mitupu.

Siku iliyofuata Shemeji alikuwa na mapumziko. Alifagia, akampa mumewe uji, akamkalisha kwenye kiti karibu na mdomo wa gari. Kisha akaenda ndani akatoka amevaa ovaroli ya Fundi, miguu ameikunja mara kadhaa. Fundi alimtazama juu mpaka chini. Shemeji hakusema kwamba atafanya nini. Alichukua puli akamwonyesha, akamuuliza, "Tunaanzia wapi?"

Walianza kwa kusafisha. Fundi alielekeza kwa ncha ya mkongojo, naye alifuata. Aliifuta ncha ya krenki kwa kitambaa mpaka ikang'aa, akapitisha kidole kwenye mdomo wa sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, akaupaka oili kidogo. Kuna kipande kidogo cha chuma, kimekaa kama nusu mwezi, ambacho mafundi hukiita kii. Hulala kwenye mfereji wa krenki na kuingia kwenye mfereji wa puli, ili viwili hivyo vizunguke pamoja. Kisipokaa sawa kazi yote ni bure. Fundi hakuridhika mpaka alipoinama mwenyewe akakibonyeza kwa dole gumba.

Kuhusu kuivuta puli iingie bila nyundo, alimtuma kwa ishara chini ya kitanda akalete kopo la bolti kuukuu. Alilimwaga mapajani, akazichambua kwa mkono wa kushoto kama mtu anayechambua mchele, akampa moja ndefu yenye meno sawa na ya krenki, na nati yake, na washa nene, ile pete ya chuma inayokaa chini ya nati. Shemeji akaelewa: bolti ingeingia ndani ya krenki, nati ingezungushwa mbele, na nati ndiyo ingeisukuma puli taratibu, bila kishindo cha kuumiza mpira wala krenki.

Lakini puli haikukubali hata kuanza kuuma, ikakaa upande. Alijaribu tena na tena. Fundi akaanza kupumua kwa hasira, si kwake, kwa ule mkono wake uliolala, akaupiga kwa ule mwingine. Shemeji akamshika.

Akakaa chini akaitazama puli. Kule kazini, mfuniko wa pipa la sabuni ukigoma kufunguka, waliumwagia maji ya moto, nao ulilegea wenyewe. Chuma kikipata moto hutanuka kidogo, hata kama macho hayaoni.

"Tuichemshe," akasema.

Fundi alimgeukia. Alitafakari, akiitazama puli, kisha krenki, kisha yeye.

"Kumbe," akasema.

Shemeji aliniambia baadaye kwamba katika zote alizowahi kuzisikia, hiyo pekee ilikuwa kumbe ya kweli.

Ikachemshwa kwenye sufuria kubwa, imening'inizwa kwa waya isiguse chini. Maji yalipotokota sawasawa aliitoa kwa kitambaa kilichokunjwa, akaikausha kwa haraka, akaipeleka kwenye krenki mfereji ukiwa juu, pale mkongojo wa Fundi ulipokuwa ukielekeza. Mikono yangu isingeweza kukishika chuma kile. Yake haikutetereka. Ikaingia kama robo yake, ikashika. Akafunga ile bolti ndefu, akaanza kuzungusha nati, na puli ikaingia polepole, kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya msiba, hadi ikafika mwisho na spana ikakataa kwenda. Akaitoa bolti ndefu, akaweka bolti yenyewe.

Ilibaki kuikaza, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Bolti ya puli hukazwa kwa nguvu nyingi sana, na kila alipoisukuma spana, injini nzima ilizunguka nayo. Lazima gia iingizwe, na mtu akae ndani akanyage breki kwa nguvu zake zote. Mimi nilikuwa bombani nafua. Nikaifuta mikono nikasema, "Nije nikanyage?"

Shemeji akageuka kunijibu, kisha akasita. Fundi alikuwa anautazama mlango wa dereva.

"Subiri kwanza, dada," akaniambia.

Kumwingiza kulichukua muda. Alikaa kwanza ubavu, kisha Shemeji akainua mguu uliolala akauweka ndani, akauinua tena kuusogeza usije ukazuia. Tangu augue hakuwa amekaa kwenye kiti kile. Alishika usukani kwa mkono wa kushoto, akausugua kwa dole gumba mahali palipochubuka. Shemeji akaingiza gia, akauweka mguu wake wa kushoto juu ya breki, akarudi mbele. Kwa sababu ya boneti hawakuonana.

Alichomeka bomba kwenye mpini wa spana ili kuurefusha. "Kanyaga," akasema. Akavuta. Spana ikateleza, vifundo vya vidole vyake vikachunika kwenye chuma. Akapangusa damu kwenye ovaroli. "Kanyaga tena." Injini ikasogea kidogo, kisha nikasikia kiti cha dereva kikilia, na ikasimama. Shemeji akavuta kwa mwili wote, mguu mmoja ameukita kwenye bampa, nasi tukasikia bolti ikitoa ule mlio mfupi wa chuma kinachokataa kwenda zaidi. Akavuta mara nyingine kuhakikisha. Gari zima lilitikisika, injini haikuzunguka hata kidogo.

"Basi, Fundi. Imekaza."

Akazunguka upande wa mlango. Fundi alikuwa bado amekanyaga, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, goti linatetemeka, meno ameyauma. Hakuwa anasikia. Shemeji akaweka mkono juu ya goti lile.

"Imekaza," akasema tena. "Achia."

Akaachia. Shemeji akazunguka, akaingia kiti cha pembeni, akafunga mlango. Walikaa pale, mbele yao hakuna cha kutazama isipokuwa bati la boneti lililoinuliwa. Niliona mabega ya Fundi yakianza kwenda juu na chini. Nikaokota ndoo yangu nikaingia ndani, kwa sababu kuna mambo ambayo jirani hapaswi kuyaona hata kama mlango wake unatazama huko.

Rejeta ilirudishwa alasiri, mkanda ukafungwa, maji yakajazwa. Gari liliwaka likalia kwa utulivu, vioo kimya. Fundi, sasa kwenye kiti chake, aliegemeza kiganja kwenye bodi akakiacha hapo mpaka lilipozimwa.

Jioni Nyundo alikuja kuchukua vyombo vyake. Alisikia habari njiani, maana habari mtaani hazihitaji gari. Akainama akaitazama puli kwa muda, akaizungusha kwa jicho, akauliza nani ameifunga. Shemeji akaonyesha kwa kidevu, na kidevu kilielekea kwa mumewe. Nyundo akaketi juu ya tairi kuukuu, karibu na kiti cha mwalimu wake. Akamwambia amekuja kuomba radhi, na kama anataka kumtukana amtukane tu, atajitahidi kuelewa. Fundi alimshika shingo kwa mkono wa kushoto, akamtikisa kama mtu anayemtikisa mtoto wake. Walikaa hivyo mpaka uji ulipoiva.

Mazoezi yalianza tena. Sitaki kusema kwamba Fundi alipona, maana hakupona. Mguu ulipata nguvu kidogo, vidole vilifunguka kiasi cha kushika kikombe kisicho na kitu. Neno la pili halikuja. Waliishi hivyo zaidi ya mwaka, wakitoka na kurudi na gari lao, na mara nyingine Shemeji alimpitisha barabara ile ya maduka kwa makusudi, mwendo wa pole, naye akainua mkono wa kushoto kuwapungia watu dirishani. Kisha kiharusi cha pili kikaja, na hicho hakikumwacha hata na neno moja. Alizikwa siku ya mvua. Shemeji aliyafua mashuka ya kitanda chao yeye mwenyewe, hakutaka msaada, akayaanika yakakauka, akayakunja.

Gari hakuliuza. Miezi kadhaa baadaye klachi yake ilichoka, akalipeleka gereji kama mteja mwingine yeyote. Nyundo alimletea kiti, akamuuliza kama angependa kuja kuangalia kazi, maana vijana wake wote walikuwa wamesikia habari zake. Shemeji akamshukuru, akasema hapana, leo anataka kukaa tu. Akakaa, mkoba magotini, akiwatazama vijana wakipeana spana, mpaka wakamwita na kumwambia gari liko tayari.